Anko, nunua Morgan, lakini si ile ya maili 1,900

Wasee, wiki hii grupu ya familia yetu imewaka moto. Si siasa, si harambee. Ni gari. Tena gari ya viti viwili, isiyo na buti, inayouzwa pauni 58,000 huko Uingereza. Ukigeuza kwa shilingi zetu unakaribia milioni kumi.

Anayeitaka ni mjomba wangu. Ana miaka 61, anaishi Birmingham, na ameendesha basi la abiria huko kwa miaka 27. Mwaka ujao anastaafu. Jumapili alituma picha: Morgan Plus Four, kijani iliyokolea, taa za mviringo, boneti ndefu kama stori ya mzee. Imesajiliwa 2021, maili 1,900 tu. Chini yake akaandika, "Hii ndiyo zawadi yangu ya kustaafu. Mnaonaje?"

Mama alijibu neno moja: "Woi." Mjomba mwingine akauliza hiyo pesa inajenga vyumba vingapi vya kukodisha Ruiru. Binamu yangu akasema ni aibu mtu mweusi kulilia gari ya mkoloni. Halafu usiku Mama akanipigia simu. "Wewe ndiye unafanya video za magari. Mwambie aache hiyo mambo. Wewe atakusikia."

Hapo ndipo niliona hii si stori ya kucheka tena. Mimi nimezoea kusema mtandaoni "nunua hii, wacha ile," na nikikosea mtu ananitusi kwenye komenti, basi. Sasa ni akiba ya mtu ambaye alinilipia karo ya sekondari. Nimekaa na hiyo simu siku nne. Jibu langu nimempa Anko tayari, na amekubali niliweke hapa kwa sababu najua wengi wenu mna Anko kama huyu, au mtakuwa yeye siku moja.

Jibu ni hili: Anko, nunua Morgan. Lakini si hiyo.

Hii gari ni nini hasa

Kwa wale hawaijui, Morgan ni kampuni ndogo ya Malvern, Worcestershire, kama saa moja kwa gari kutoka Birmingham. H.F.S. Morgan alianza 1909 na kigari cha magurudumu matatu. Mwaka wa 1936 wakatoa ya magurudumu manne, na tangu hapo sura haijabadilika sana. Boneti ndefu, matao ya magurudumu yaliyojikunja kama mabega, paa la kitambaa. Wanatengeneza chini ya magari elfu moja kwa mwaka, na kazi nyingi ni ya mikono.

Sasa fungua boneti. Plus Four iliyotoka 2020 ina injini ya BMW, lita mbili, turbo, nguvu za farasi 255. Ni ile B48, na ndugu zake ziko kwenye BMW 3 Series ambazo unaziona Westlands kila siku. Toyota Supra ya lita mbili pia inatumia hiyo hiyo. Gia unachagua: za mkono sita, au otomatiki nane. Gari yenyewe ina uzito wa kilo elfu moja na kidogo, kwa hivyo kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ni kama sekunde tano. Anko akitaka kuacha Subaru ya kijana fulani kwenye taa, anaweza.

Na ile stori ati chesisi ya Morgan ni ya mbao, wacheni. Chesisi ya hii ni alumini iliyounganishwa kwa gundi ya kiwandani. Mbao zipo, za mti wa ash, lakini ni fremu inayoshikilia bodi juu ya chesisi. Bodi nayo ni alumini. Mbao huko kiwandani bado zinakatwa na mafundi, na hiyo ni sehemu ya kile unacholipia.

"Lakini si ni feki?"

Hili swali niliulizwa na rafiki yangu: kwa nini mtu anunue gari ya sura ya 1936 na moyo wa BMW? Si ni kama kuvaa koti la babu na kusema wewe ni babu?

Mimi naona hivi. Kuna kampuni ambazo ziliacha mtindo wa zamani, miaka ikapita, kisha zikaurudisha kwa sababu watu wanapenda picha. Hiyo naweza kukubali uiite maigizo. Morgan hawakuacha. Ile chesisi yao ya chuma ya 1936 waliendelea kuiboresha na kuitumia hadi 2020. Yaani babu hakufa mtu akavaa koti lake. Babu yuko, amebadilishwa tu nyonga na meno.

Na kuna jambo la kawaida kabisa. Gari ya zamani ya kweli, ya miaka ya hamsini, inataka mwenyewe awe fundi, au awe na fundi wa kumpigia kila Jumamosi. Kabureta, breki za zamani, nyaya zilizochoka. Anko ameamka saa kumi alfajiri kwa miaka 27 kupeleka wenzake kazini. Hataki kustaafu halafu akae kando ya barabara huko Wales akisubiri mtu wa kumvuta. Anataka abonyeze, iwake, aende. Hiyo si feki. Hiyo ni akili.

Kwa binamu yangu wa mkoloni: nimesikia. Lakini Anko alituambia kwamba akiwa mtoto Nakuru aliona gari ya wazi ya kijani ikipita, Mzungu akiwa ndani, vumbi nyuma, na akakimbia nayo hadi pumzi ikaisha. Mpaka leo hajui ilikuwa gari gani. Sasa amewapeleka Waingereza kazini, hospitalini na sokoni kwa miaka 27, mvua na theluji. Akikaa kwenye kiti cha hiyo gari kwa pesa yake mwenyewe, mimi sioni mtumwa hapo.

Na vyumba vya Ruiru?

Hapa sitaki kujifanya. Mama ana hoja. Milioni kumi ni pesa ya maana, na kuna watu kwenye grupu hiyo ambao kodi ya mwezi huu hawajalipa. Mimi mwenyewe nimewahi kumwomba Anko pesa ya kamera, na akatuma.

Lakini tuseme ukweli. Nyumba ya Shosh kijijini ni Anko aliijenga. Karo za watoto sita, pamoja na yangu, ni Anko. Bili ya hospitali ya mwaka juzi ni Anko. Nilimuuliza maswali matatu tu. Nyumba yako huko umemaliza kulipa? Ndiyo. Pensheni iko salama, hutaigusa? Ndiyo. Utachukua mkopo kununua hii gari? Hapana, ni akiba. Basi. Kama majibu ni hayo, mimi sina haki ya kumwambia asubiri tena. Tukimwambia ajenge vyumba, tunamwambia aanze kazi nyingine ya kufuatilia wapangaji akiwa na miaka 61. Hiyo ni ndoto yetu, si yake.

Kama jibu moja lingekuwa tofauti, ningekuwa upande wa Mama, na ningeandika makala nyingine.

Sasa shida: maili 1,900

Huku kwetu maili chache ni kama utakatifu. Yadi inaandika namba ndogo kwa wino mkubwa na sisi tunalainika. Familia yetu tulishanaswa hivyo. Tulinunua kagari kadogo kutoka Japan kwenye yadi fulani, dashibodi inasoma kilomita 62,000. Miezi miwili baadaye fundi akafungua mlango wa dereva vizuri, akakuta stika ya kubadilisha oili, maandishi ya Kijapani, na namba: 118,000. Mtu alikuwa amerudisha mita nyuma na akasahau stika. Kwa hivyo naelewa kwa nini Anko akiona 1,900 anafurahi. Sote tumefundishwa kutafuta namba ndogo.

Uingereza angalau kuna njia ya kuhakikisha. Gari ikifika miaka mitatu lazima ipite ukaguzi wa kila mwaka unaoitwa MOT, na kila mara maili zinaandikwa. Ukiwa na namba ya gari unaingia kwenye tovuti ya serikali na kuona historia yote bure. Nikamwambia Anko aingize namba. Maili ni za kweli, hakuna aliyechezea mita. Lakini tuliona jambo lingine: kati ya ukaguzi wa kwanza na wa pili, mwaka mzima, gari ilitembea maili 140.

Maili 140 ni kama kilomita 225. Ni kutoka Nairobi hadi Nyeri, kisha unarudi nusu ya njia. Kwa mwaka. Hata zile 1,900 zote ni kama kilomita 3,050. Matatu ya Thika inayopiga raundi nne kwa siku inazimaliza kwa siku tisa hivi. Hii gari haikuendeshwa kwa uangalifu. Haikuendeshwa.

Na gari isiyoendeshwa haipumziki. Inazeeka kimya kimya. Mpira wa tairi unakauka hata kama haujagusa lami, na tairi ikisimama sehemu moja miezi mingi inaweza kubonyea upande mmoja. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani, ndiyo maana watu huyabadilisha kila miaka miwili hivi, si kwa maili bali kwa kalenda. Diski za breki zinashika kutu. Betri inakufa. Petroli ya kawaida ya Uingereza tangu 2021 ina ethanoli hadi asilimia 10, nayo inapenda maji. Ikikaa kwenye tangi miezi mingi si petroli unayotaka kwenye injini ya turbo. Mipira inayozuia oili isivuje inakauka. Na gereji za mashambani zina panya, na panya wanapenda nyaya.

Mbaya zaidi ni ile "nilikuwa naiwasha kila wiki." Kuwasha dakika tano na kuzima si kuitunza. Injini haipati joto la kutosha, unyevu unabaki ndani ya oili. Bora isiwashwe kabisa kuliko iwashwe hivyo.

Lakini hayo yote unaweza kutengeneza. Tairi nne, mafuta mapya, betri, sevisi kamili. Kuna jambo moja ambalo fundi hawezi kutengeneza, na ndilo nilimwambia Anko.

Ukilipa zaidi kwa sababu maili ni 1,900, umenunua namba. Na namba hiyo inapotea kila ukiendesha. Ukienda Wales wikendi moja na kurudi, imekuwa 2,200. Ukienda Scotland kiangazi, imekuwa 3,300. Kila safari unasikia pesa ikidondoka. Kwa hivyo utafanya nini? Utafanya kama mwenye gari wa kwanza. Utaiweka. Utaipangusa. Utaingia gereji jioni na kikombe cha chai uiangalie. Siamini yule mtu wa kwanza alinunua gari ya wazi ili aitembeze maili 140 kwa mwaka. Nadhani aliogopa namba, kidogo kidogo, mpaka akaiuza.

Anko, sasa utanunua hofu yake kwa pauni 58,000?

Ile nyingine

Tulitafuta pamoja kwa simu, usiku, yeye akiwa amemaliza zamu. Tukapata nyingine, Plus Four hiyo hiyo, 2021 hiyo hiyo, gia za mkono, rangi ya bluu. Maili 14,000. Bei 50,500. Sevisi imefanywa kila mwaka, na mwenye gari ana risiti. Tairi zimebadilishwa mwaka jana. Kwenye historia ya MOT kuna onyo moja tu, la tairi, na unaona mwezi uliofuata alibadilisha. Huyo ni mtu aliyetumia gari yake na akaisikiliza.

Maili 14,000 ni kama kilomita 22,500. Kwa injini ya BMW ya lita mbili inayopewa oili safi kila mwaka, huo bado ni utoto.

Tofauti ni pauni 7,500. Zaidi ya milioni moja yetu. Na ile ya bluu tayari ina kasoro ndogo ya jiwe kwenye boneti, kwa hivyo jiwe la kwanza halitamvunja Anko moyo.

Sisemi maili chache ni mbaya siku zote. Kama bei ingekuwa sawa, sevisi za kila mwaka ziko kwenye karatasi, mafuta ya breki yamebadilishwa, na tairi si za zamani, chukua ya maili chache na ushukuru. Lakini usilipe zaidi kwa ajili ya namba halafu ulipe tena kurekebisha madhara ya hiyo namba.

Niliyomwambia aangalie Jumamosi akienda kuiona, na wewe unaweza kuyatumia hata ukinunua Vitz:

Tairi. Pembeni kuna tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT. 0821 maana yake wiki ya nane ya 2021. Usiangalie meno tu, angalia umri.

Karatasi. Kila sevisi na tarehe yake. Gari ya maili chache yenye sevisi moja kwa miaka minne ni gari iliyosahauliwa.

Chini. Uingereza wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Alumini haishiki kutu kama chuma, lakini kuna bolti na sehemu za chuma huko chini. Lala chini na tochi.

Unyevu. Vuta zulia, nusa. Paa ni la kitambaa na fremu ya bodi ni mbao. Harufu ya ukungu ni sababu ya kuondoka.

Injini iwe baridi ukifika. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto, muulize kwa nini.

Mkopo. Lipia ukaguzi wa kuonyesha kama gari ina deni la benki. Huko ukinunua gari yenye deni unaweza kunyang'anywa.

Na jambo moja ambalo nilimwambia kwa uzito: Plus Four za miaka hiyo ya kwanza hazina mifuko ya hewa. Ziliwekewa baadaye. Ana breki za ABS na mkanda, basi. Yeye ni dereva wa miaka 27 bila ajali ya kosa lake, lakini barabara ina wengine. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hiyo nimeisikia." Ni uamuzi wake, ila siwezi kumwambia sura ni nzuri nikanyamazia hilo.

Akirudi nayo je?

Mama amepata tumaini moja: labda Anko atarudi nyumbani na gari yake. Usukani uko kulia kama wetu, hiyo ni sawa. Lakini Kenya hairuhusu gari iliyopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Iliyosajiliwa 2021 mwisho wake ni 2028. Kuna msamaha wa ushuru kwa Mkenya anayerudi kuishi nyumbani, kwa gari moja, na lazima awe ameimiliki na kuitumia huko kabla. Kwa hivyo muda upo, lakini si mwingi. Na mimi nikifikiria hiyo boneti ndefu ikipanda matuta ya barabara ya kwetu, naona heri ibaki Malvern na milima yake. Injini mafundi wa Nairobi wanaijua. Fremu ya mbao ni mambo mengine.

Anko anaenda kuona ya bluu Jumamosi. Anaweza kuipenda, anaweza kurudi kwa ile ya kijani kwa sababu moyo ni moyo, na rangi ya ile ya Nakuru ilikuwa kijani. Hapo sina la kumwambia. Mama bado hajanijibu vizuri, ila jana alituma kwenye grupu picha ya tangi la maji la lita elfu kumi na kuandika, "Pauni 7,500 inatosha hii ya Shosh na chenji." Anko akaweka kidole gumba. Kwetu, hayo ni mazungumzo.

Nyinyi mnaonaje? Maili 1,900 au 14,000? Na kabla hujaandika "angejenga," niambie kwanza ni nani aliyelipa karo yako, na kama umewahi kumuuliza anataka nini.